Kasha la Kapteni Kimondo

Saa moja asubuhi, Jumapili.

Mkutano ulifunguliwa kwa sala. Mukhwana hakuwahi kuiba bila kuikabidhi shughuli kwa Mungu, na Jumapili aliomba kirefu zaidi, kwa kuwa kanisani angekosekana. Aliwaombea askari wa mpaka macho mazito. Aliiombea barabara ya Busitema isiwe na kizuizi. Aliwaombea wenye mali moyo wa kusamehe. Watu watatu waliokuwa wameinamisha vichwa walisema amina, mmoja kwa sauti iliyowazidi wenzake. Huyo alikuwa Wesonga.

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la vitenge, mtaa wa Sofia, upande wa Uganda wa mji wa Busia. Hakikuwa na dirisha. Upande mmoja majora ya vitenge yalipanda hadi darini. Upande wa pili palikuwa na rundo la maboksi matupu: ya simu, ya viatu, ya runinga. Mali ya Busia huvuka mpaka uchi. Boksi hubaki, kitu huenda.

Mukhwana aliweka picha mezani. Zamani alikuwa wakala wa forodha, kabla hajagundua kwamba forodha inamchelewesha. Bado alivaa tai.

"Angalieni," alisema.

Ilikuwa picha ya kitabu cha katuni. Mtu mwenye joho jekundu anaruka juu ya mji unaoungua. Kapteni Kimondo, toleo la kwanza.

"Hiki ni kitabu cha watoto," Wesonga alisema.

"Hii ni nyumba ya ghorofa. Imejificha tu ndani ya kitabu cha watoto. Babra, mweleze."

Babra Athieno hakutaka kueleza. Hakutaka kuwa pale kabisa. Lakini mdogo wake, Moses, alikuwa amekaa kwenye boksi la runinga, anatabasamu, na ni Moses aliyemwambia bosi kwamba dada yake aliwahi kufanya kazi kwa mzee mwenye vitabu. Moses alikuwa na moyo mzuri na mdomo usio na kifuniko.

"Kuna kampuni ng'ambo," Babra alisema. "Unawatumia kitabu. Wanakikagua ukurasa kwa ukurasa, wanakipa alama, wanakifunga kwa kasha la plastiki ngumu. Hakuna anayekigusa tena."

"Hata kusoma?"

"Hata kusoma."

Wesonga alilitafakari jambo hilo kwa uzito wote. "Sasa kinafanya kazi gani?"

Lilikuwa swali zuri.

"Hiki kimepata tisa nukta sita kwa kumi," Mukhwana alisema.

"Mimi darasa la saba nilipata chini ya hapo, shemeji, na hakuna aliyenifunga plastiki."

Wesonga alimwita Babra shemeji kwa sababu mke wake, Resty, alikuwa wa Nabuyoga, kijiji kimoja na kina Babra. Harusini Babra ndiye aliyebeba kikapu cha bi harusi. Wesonga alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono ya kuvunja kufuli na sauti ya kwaya. Katika miaka yote ya kupitisha mali kwenye njia za panya, hakuwahi kupoteza hata soksi.

Mukhwana aliupanga mpango kama mwalimu wa zamu anavyopanga usafi. Kitabu kiko Tororo, kwa Daktari Oketcho. Leo kanisa lake lina ibada ya mavuno. Mavuno yana mnada, na mnada wa maboga haujawahi kuisha mapema tangu Ukristo uingie Uganda. Babra anaingia mlango wa mbele, kama mgeni. Anamfungulia Wesonga mlango wa pembeni. Anakichagua kitabu, anakikagua, anasema ndiyo. Wesonga anakibeba kwa pikipiki hadi njia ya panya. Mukhwana na Babra wanavuka mpaka kwa gari, mikono mitupu, kama watu wema. Upande wa Kenya, Madam Kerubo, mnunuzi, anangoja kwenye ghala la vitunguu.

"Madam ana picha hii hii," Mukhwana alisema. "Atalinganisha. Kila kitabu kina kasoro zake, si ndiyo?"

"Ndiyo." Babra aligusa picha. "Hapa kwenye mgongo, karibu na pini ya juu, kuna vistari viwili vyeupe. Pembe ya chini imejikunja kidogo. Na kuna nukta ya wino kwenye kiatu. Hakuna nakala nyingine yenye hivyo vitatu pamoja."

"Kama alama za vidole," alisema Mukhwana, kwa fahari ya mtu ambaye za kwake zilikuwa kituoni.

Mlango uligongwa. Kijana mwenye kofia aliingia, akasimama bila kusalimia. Mtu wa Madam.

"Nimekuja kuchukua dhamana," alisema.

Ndiyo ilikuwa desturi. Mali ya thamani haivuki mpaka bila mtu kutangulia. Mtu anakaa kwa mnunuzi hadi mali ifike. Ikifika sawa, anakunywa chai na kurudi. Mwaka jana alitangulia Oundo, na mali ikafika pungufu. Mama yake Oundo bado anauliza watu stendi kama wamemwona.

Mukhwana hakufikiri. "Moses."

Moses alisimama.

"Nichukueni mimi," Babra alisema.

"Wewe ni macho. Macho hayawekwi dhamana."

"Basi Wesonga."

"Wesonga ni mgongo. Moses je, ni nini?" Mukhwana aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujua. "Moses hana kazi leo."

"Sister, mimi nakwenda tu," Moses alisema. "Nitakula chapati zao."

"Usijali, siste," kijana mwenye kofia alisema. "Ni masaa tu."

Wakaondoka. Babra alibaki akiutazama mlango.

Saa nne asubuhi.

Nyumba ya Daktari Oketcho ilikuwa mtaa wa zamani wa Tororo, na mwamba mrefu wa mji uliichungulia kwa nyuma. Daktari alikuwa wa meno. Aling'oa meno ya wazungu miaka mingi, kisha akarudi na kontena la vitabu vya katuni, jambo ambalo ukoo wake ulikuwa haujamsamehe. Walitarajia matrekta.

Babra alimfanyia kazi ya kupiga vitabu picha, vyote, mbele na nyuma. Mzee ndiye aliyemfundisha kuona. Alimpa kitabu ndani ya kasha, akawasha taa ndogo, akasema, "Niambie huyu anaumwa wapi." Babra alisema haumwi. Mzee alicheka. "Usimtazame usoni. Mwinamishe. Acha mwanga upite pembeni." Na kweli, mwanga ulipopita pembeni, kila kitu kilionekana: mkunjo usiofika urefu wa ukucha, pini iliyopinda, alama ya kidole cha mtu aliyekufa zamani. Baada ya miezi michache hakuweza tena kutazama kitu chochote bila kukiinamisha. Hata watu.

Proscovia, anayetunza nyumba, alifungua mlango na kupiga makofi.

"Babra. Umepotea hivi?"

"Nimerudi kuwasalimia." Alimpa sabuni na sukari. Sukari ilikuwa imenunuliwa na Mukhwana, ambaye hakuenda kwa watu mikono mitupu.

"Mzee yuko mavuno. Kaa, naweka chai."

"Naweza kuona vitabu kidogo?"

"Enda tu. Si unajua njia?"

Ingekuwa rahisi zaidi kama angekataa.

Chumba cha vitabu kilikuwa na baridi na harufu ya karatasi. Babra aliufungua mlango wa pembeni. Wesonga aliingia kwa vidole vya miguu, viatu mkononi, nondo kiunoni, kama mtoto anayetoroka maombi ya asubuhi.

"Shemeji, ni ipi?"

Babra aliijua rafu. Alilitoa kasha kwa mikono miwili, akawasha taa ya mzee, akaliinamisha.

Vistari viwili vyeupe kwenye mgongo. Vipo. Pembe ya chini. Ipo. Nukta kwenye kiatu. Ipo.

Kisha mwanga ukafika kwenye ukingo wa kasha.

Ukingo ulikuwa na ukungu mweupe, mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Plastiki iliyofungwa kiwandani haina ukungu. Gundi ya dukani ndiyo huacha ukungu. Babra aliliinamisha tena. Kulikuwa na kistari cha tatu kwenye mgongo, kipya, cheupe kuliko wenzake. Pale mtu anapoweka kidole gumba akifungua kitabu, jalada lilikuwa limebonyea. Na chini kabisa, ndani, kati ya plastiki na joho jekundu la Kapteni Kimondo, kulikuwa na kitu kingine chekundu. Kidogo. Chembamba.

Ganda la karanga.

Alilitazama kwa muda. Mzee alikula karanga za kukaanga kutoka kwenye kopo, daima kwa mkono wa kushoto, na mkono huo haukuruhusiwa kugusa vitabu. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Sasa alikuwa amezeeka. Alikuwa amelipasua kasha, akasoma, akaligundisha tena. Kasha likishapasuliwa, alama ya kampuni haihesabiki tena; tisa nukta sita ilikuwa karatasi tu iliyobandikwa juu. Babra alishika mkononi kitabu cha watoto.

"Ndio hii?" Wesonga alinong'ona.

Simu ya Babra ilitikisika. Mukhwana, garini, mwisho wa barabara. Ujumbe mmoja: *Ndiyo?*

Akisema hapana, wangemngoja mzee. Mukhwana alikuwa amelisema hilo njiani, bila hasira, akipunguza sauti ya redio. Kama hakipo, tutamngoja arudi atuonyeshe kilipo. Ndiyo kazi ya ile nondo. Na mzee angeonyesha nini? Nakala nyingine haikuwepo. Akisema ndiyo, kitabu kingefika kwa Madam Kerubo, na Madam alikuwa na picha, taa na lenzi, na Moses.

Kutoka jikoni Proscovia aliita. "Babra, sukari ngapi?"

Wesonga aliganda kama sanamu ya mtakatifu, viatu mkononi.

"Mbili," Babra alisema kwa sauti.

Kisha akaandika: *Ndiyo.*

Alimpa Wesonga kasha. Wesonga alilipokea kwa heshima, akalitia ndani ya gunia safi, akatoka. Babra alifunga mlango.

Ilibidi anywe chai. Mgeni anayekimbia chai anakumbukwa. Proscovia alileta na sahani ya karanga.

"Za mzee," alisema. "Siku hizi jioni anakula huku anasoma vile vitabu vyake. Anacheka peke yake mpaka machozi. Mimi nakwambia, anakuwa mtoto."

Babra alikula karanga moja.

Saa sita mchana.

Mukhwana aliendesha taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani, akiimba nyimbo za tenzi. Walipita Busitema. Wanafunzi wa chuo walikuwa wakirudi kutoka ibada, Biblia chini ya kwapa. Mukhwana aliwapungia.

Babra alikuwa akitafuta jinsi ya kuanza.

"Bosi. Na kama Madam ataona kitu ambacho hakiko kwa picha?"

Wimbo ulikatika. "Kitu gani?"

"Kasoro mpya. Vitabu vinazeeka."

"Umeona kasoro?"

"Nauliza tu."

"Basi usiulize." Alimtazama kwa upande, mara moja tu. "Babra, mimi siyajui mambo ya pini na pembe. Wewe umesema ndiyo. Ndiyo yako nimemtumia Madam vile ilivyo. Sasa hivi iko kwa simu yake, na yeye yuko na kaka yako. Unataka nimpigie nimwambie macho yangu yamebadilisha mawazo?"

"Hapana."

"Vizuri." Akaendelea na ubeti wa tatu.

Mpakani walipanga foleni, walionyesha vitambulisho, walisalimia. Askari alimuuliza Mukhwana habari za watoto. Babra aliangalia nyuma mara mbili, bila sababu. Kule nyuma hakukuwa na kitu ambacho kingemsaidia.

Aliwaza kukimbia. Aliwaza kumwambia yule askari. Mawazo yote yalianza vizuri na yote yaliishia kwenye ghala la vitunguu.

Saa nane mchana.

Ghala lilinuka vitunguu mpaka machozi yalitoka bila huzuni. Katikati paliwekwa meza, kitambaa cheupe, taa, lenzi na glavu nyeupe. Madam Kerubo alikaa nyuma ya meza kama msimamizi wa mtihani. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miwani puani, sweta la rangi ya bluu. Hakupandisha sauti. Hakukuwa na haja.

Moses alikaa juu ya magunia, chapati mkononi. Alimkonyeza dada yake. Vijana wawili walisimama pande zake, na mmoja alikuwa yule mwenye kofia.

"Wewe ndiye macho?" Madam alimuuliza Babra.

"Ndiyo, Madam."

"Nitakukagua wewe kwanza kwa kukikagua kitabu. Ukiwa umeona vizuri, nitakuwa na kazi nyingi za kukupa." Alivaa glavu, kidole kimoja kimoja. "Kitabu kiko wapi?"

Babra aliitazama lenzi. Ilikuwa kubwa kuliko ya mzee. Ganda la karanga lingeonekana humo kama mkeka.

Nje pikipiki ilinguruma, ikazima. Wesonga aliingia akitoa jasho, matope hadi magotini, na uso wa mtu aliyeshinda mbio.

"Njia ilikuwa na askari," alisema. "Wawili. Nimewapita wakanisalimia. Hawakuona kitu."

Akapandisha shati.

Kiunoni alikuwa amejifunga kitenge, mizunguko mingi, kama wanawake wa Sofia wanavyovusha majora. Aliufungua mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akatoa Kapteni Kimondo. Alikuwa amemkunja kufuata umbo la tumbo lake. Joho jekundu lilikuwa limelowa jasho.

Akamweka juu ya kitambaa cheupe. Kapteni alijikunja polepole, akarudi kuwa duara.

Mukhwana aliilegeza tai yake, akaikaza tena.

"Kasha," Madam alisema.

"Kasha?"

"Kiko wapi kile kilichokuwa nje ya hiki?"

"Ah. Ile boksi." Wesonga alitabasamu. "Nimetupa kinamasi, Madam. Ingeonekana mbali. Inang'aa kama kioo."

Ndipo kila mtu katika ghala lile alipoelewa, isipokuwa yeye. Maisha yake yote Wesonga alikuwa amevua maboksi. Simu, viatu, redio, vipodozi. Hivyo ndivyo mali ilivyovuka. Hivyo ndivyo ambavyo hakuwahi kupoteza hata soksi. Na chumbani asubuhi wote walikuwa wamesema kitabu, kitabu, kitabu.

"Wesonga," Mukhwana alisema polepole. "Kasha ndilo mali."

"Bosi, picha ilikuwa ya kitabu. Mlisema kitabu wote."

Madam aliigusa pembe ya jalada kwa kidole chenye glavu, akakiondoa. Hakuwasha taa. Hakushika lenzi. Babra aliuona mkono huo ukirudi mahali pake, na kifua chake kikajaa hewa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hangekagua. Hakukuwa na kitu cha kukagua.

Halafu Wesonga akaanza kujitetea.

"Madam, mimi sikuvunja kwa nguvu. Sikutumia hata nondo. Nimeshika hivi tu, ikafunguka yenyewe, kama sahani ya sabuni. Na ndani kulikuwa na ganda la karanga."

Kijana mwenye kofia alicheka. Mwenzake pia. Hata Moses alicheka, mdomo umejaa chapati.

"Ganda la karanga," Madam alirudia.

"Ya kukaanga. Nimeiona na macho yangu. Sasa hao wazungu wa kampuni wanafungia vitabu na karanga? Ile kitu ilikuwa imeshafunguliwa kabla yangu, Madam. Muulize shemeji. Yeye alimulika na taa."

Madam aligeuka. Miwani yake ilimtafuta Babra na kumpata.

"Uliliangalia?"

"Ndiyo."

"Pembeni pia?"

"Ndiyo, Madam."

"Lilikuwa limefungwa?"

Mukhwana alikohoa. Kikohozi kidogo, cha adabu. Kisha akasema maneno ambayo bila shaka alikuwa akiyatunga tangu Kapteni alipojikunja mezani. "Madam, biashara yetu ni ya zamani. Huyu Moses hana kosa. Aliyeharibu mali yako ni huyu hapa, na mimi siwezi kumtetea. Mchukue yeye. Mtoto umrudishe."

"Bosi," Wesonga alisema.

"Kama lilikuwa limefungwa," Madam aliendelea, bado akimtazama Babra, "ameliharibu yeye. Kama lilikuwa limeshafunguliwa, basi wewe uliniandikia ndiyo ya uongo, na kaka yako anakaa. Ni swali fupi."

Lilikuwa fupi kweli. Babra alimtazama Wesonga. Jasho. Matope. Kitenge kikining'inia kiunoni kama mkia. Uso wake haukuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa akingoja kwa subira ya mtu ambaye shahidi wake ni mtu wa nyumbani.

Alimtazama Moses. Moses alikuwa ameacha kutafuna.

"Lilikuwa limefungwa," Babra alisema.

"Na karanga?"

"Sikuona karanga."

Wesonga alifungua mdomo. Hakupiga kelele. Hakuwahi kuwa mtu wa kelele nje ya kwaya.

"Shemeji," alisema, kana kwamba amesahau kitu na anamwomba amkumbushe.

Babra aliangalia meza. Vijana wawili walimshika Wesonga mikono. Alikuwa mkubwa kuliko wote wawili, na angeweza kuwarusha kwenye vitunguu kama angetaka. Lakini alimtazama Mukhwana kwanza, ili apewe amri. Mukhwana alikuwa akisoma maandishi kwenye gunia. Basi Wesonga alikwenda nao, akiinama mlangoni asigonge kichwa. Mlango wa gari ulifungwa. Gari liliondoka bila haraka.

Madam alivua glavu. Alikichukua kitabu, akakifungua, akasoma ukurasa wa kwanza, kisha wa pili.

"Hadithi yenyewe si mbaya," alisema.

Saa kumi alasiri.

Mukhwana aliwaacha nje ya ghala. Alisema atapita kanisani, labda ibada ya jioni. Kabla ya kupanda gari alimrushia Moses ufunguo.

"Pikipiki iko hapo. Ipeleke nyumbani. Wewe sasa ndiye mgongo."

Moses aliuzungusha ufunguo kidoleni. Alitembea kuizunguka pikipiki, akagusa kioo, akagusa kiti. Babra alisimama juani.

"Watamrudisha, si ndiyo?" Moses aliuliza.

"Sijui."

"Lakini alisema uongo mbaya. Karanga. Angesema hata askari walimshika." Alitikisa kichwa. "Sister, mbona unaniangalia hivyo?"

"Washa pikipiki."

Moses aliketi. Kwenye mfuko wa ngozi uliofungwa kando ya tangi, simu ililia. Ililia mpaka ikakatika. Ikalia tena.

"Shika simu hiyo," Moses alisema. "Inanichanganya."

Babra aliitoa. Kioo kilikuwa kimepasuka, na chini ya ufa jina lilisomeka: Resty. Kiganja chake kilitaka kuizima. Kidole kikabonyeza pengine.

"We Wesonga, kuku imeiva, uko wapi?" Nyuma ya sauti ya Resty mtoto alikuwa akigonga sufuria. "Wageni wamefika wote. Watu wote wa Bulumbi wako hapa kwangu, na mimi nawaambia unakuja, unakuja."

"Ni mimi," Babra alisema.

"Dada Babra?" Resty alicheka kwa furaha. "Mungu amekutuma. Uko na yeye? Mwambie asisahau mafuta ya taa. Na wewe uje pia, nimekuwekea paja. Yuko hapo? Mpe simu."

Moses aliwasha injini. Babra alikiinamisha kichwa chake, simu sikioni, kama mtu anayesikiliza vizuri.

"Hayuko karibu," alisema. "Nitamwambia."